TAHADHARI: muuza picha za kale Berlin, msimpe hata senti!!

Jamani ndugu zangu wa Ujerumani, naandika mikono inatetemeka kwa hasira. Yule mzee wa picha za kale pale soko la mitumba la Jumapili ni TAPELI. Kanipiga euro 900.

Alivaa glavu nyeupe kwanza, ndo akaitoa. Picha ya rangi za maji, majira ya baridi, msonobari umeelemewa na theluji, nyuma magofu ya kanisa kwenye ukungu, na kijitu kidogooo na fimbo yake. Akaigeuza polepole kama anageuza mtoto aliyelala, mgongoni karatasi ya kaki imechanika, misumari ina kutu, wino umefifia umeandikwa Dresden 1824. Akaninong'oneza eti ni kazi ya mtu wa karibu na Caspar David Friedrich, yule mchoraji maarufu wa Kijerumani, bibi yake alitoka nayo Dresden ilipopigwa mabomu 1945. Mara eti kuna mama anarudi na hela saa nane. Nikatoa.

Na mtu asiniambie sijui picha. 2024, miaka 250 tangu Friedrich azaliwe, nilienda Hamburg, nikaenda na Dresden kuona kazi zake, magofu na misonobari kwenye theluji ndo mambo yake hasa, na rafiki zake wachoraji Dahl na Carus kweli waliishi Dresden. Uongo wake kaufunga ndani ya ukweli mtupu, nani asingeamini?

Fundi fremu kaweka lenzi tu: vidotidoti vya printa anga zima! Rangi halisi kapaka juu ya theluji pekee, ili ukipapasa uisikie.

Huyu afungwe jamani, na meza yake ing'olewe pale, maana anaiba mchana kweupe na tabasamu juu.

Mkiuziwa kitu kama hicho mulikeni tochi ya UV, ile ya kukagulia noti. Karatasi ikiwaka samawati ina dawa ya kung'arisha, na hiyo dawa imeingia kwenye karatasi karne ya 20. Theluji nayo, wachoraji wengi wa enzi zile waliacha karatasi tupu ndo iwe weupe, hii yangu rangi nyeupe imejaa nzito. Risiti hatoi, namba haipatikani tena.

Polisi nimesharipoti. Nawe kama kakuuzia njoo inboksi na picha yako, tumshtaki pamoja, arudishe hela za watu zote.