Fainali za Drum Corps International: Unalipia Nini, Uketi Wapi, Uende Siku Gani

Kila mwaka, mapema mwezi wa Agosti, Uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis huachana kwa muda na mpira wa Kimarekani na kuwapokea vijana wa vikosi vya ngoma na tarumbeta, ambao kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi huwania ubingwa wa Drum Corps International. Hapa ninayapima mashindano hayo kwa jicho la mtu anayenunua tiketi na kutaka kujua anapata nini kwa fedha yake. Hukumu yangu naitoa mapema: sijui onyesho jingine la muziki wa gwaride linalofikia ubora huu, lakini uwanja wenyewe si mahali pazuri zaidi pa kulisikia, na sheria zilizobadilishwa tangu mwaka 2000 zimeifanya tofauti hiyo kuwa kubwa kuliko ilivyokuwa zamani.

Kikosi kimoja huwa na wapiga tarumbeta za kila ukubwa, wapiga ngoma, wachezaji wa marimba na timpani (ngoma kubwa za shaba zinazotoa nota) wanaosimama mbele ya uwanja, na kundi la bendera ambalo hurusha pia panga na bunduki za mbao na kuzidaka bila kuangalia zinapoangukia. Wote ni vijana, na umri wa miaka 22 ndio mwisho; akiufikia, mtu huaga. Husailiwa kabla na wakati wa majira ya baridi, hukutana kwa kambi za mwisho wa wiki, kisha kuanzia Mei huishi pamoja, wakisafiri kwa mabasi, wakilala sakafuni katika kumbi za michezo za shule na kula chakula kinachopikwa katika lori. Matunda ya kazi yote hiyo ni onyesho moja lisilozidi dakika kumi na mbili, linalochezwa bila karatasi ya nota, huku mwili ukienda mbele, nyuma na ubavu kwa mwendo unaoweza kupita mapigo 180 kwa dakika. Anayeona kwa mara ya kwanza kijana akipiga tarumbeta kwa sauti isiyotetereka huku akikimbia kinyumenyume hatahitaji kuelezwa kwa nini watu huvuka majimbo kadhaa ili kuliangalia jambo hili.

Alama hutolewa kati ya 100: 40 kwa athari ya jumla ya onyesho, 30 kwa mwonekano na 30 kwa muziki. Mgawanyo huu una historia ambayo mtazamaji anafaidika kuijua, kwa sababu umeunda kile anachokiona. Hadi mwaka 1983 majaji walitembea uwanjani wakikata sehemu ya kumi ya alama kwa kila kosa walilolishika, na kikosi chenye busara kiliepuka jambo lolote ambalo lingeweza kuharibika. Mwaka 1984 mfumo huo uliachwa, na majaji wakaanza kujenga alama kwa kupima ugumu wa kinachojaribiwa pamoja na ubora wa utekelezaji. Ubunifu ukawa na malipo. Ushindani nao umebaki mkali kiasi kwamba mwaka 2008 kikosi cha Phantom Regiment kilitwaa ubingwa kwa alama 98.125 dhidi ya 98.100 za kikosi cha Blue Devils. Alama ya juu kuliko zote katika historia ya mashindano, 99.650, ni ya Blue Devils hao hao, waliyoipata mwaka 2014.

Sasa niingie katika sauti, ambayo kwangu ndiyo kiini cha tathmini hii. Vikosi hivi vilizaliwa katika vyama vya maveterani, hasa American Legion na Veterans of Foreign Wars, vilivyotumia buruji za kijeshi na kuandaa mashindano yenye nidhamu ya kiaskari. Drum Corps International ilianzishwa na vikosi vyenyewe mwaka 1971, kwa kutaka kujiamulia sheria, na ubingwa wake wa kwanza ulifanyika Whitewater, Wisconsin, mwaka 1972, ambapo Anaheim Kingsmen walishinda. Tangu hapo buruji imekuwa ikiongezewa uwezo hatua kwa hatua: vali mbili (vibonyezo vinavyobadilisha nota) mwaka 1977, vali tatu mwaka 1990, tarumbeta za ufunguo wowote, yaani nota yoyote ya msingi ambayo ala imetengenezewa, mwaka 2000, kisha mwaka 2014 tromboni na pembe za Kifaransa nazo zikaruhusiwa. Filimbi, klarineti na saksafoni bado zimezuiwa, na ninaamini kizuizi hicho kinastahili kulindwa, kwa maana ndicho kinachoipa sauti hii utambulisho wake: shaba na ngozi, basi.

Ruhusa ya mwaka 2000 ilipingwa sana na mashabiki wa zamani, waliosema mngurumo wa buruji za ufunguo wa G hauna mbadala. Ni kweli kwamba zile za zamani zilikuwa na ukali unaosisimua. Hata hivyo kijana wa leo anaweza kufanya mazoezi mwaka mzima kwa ala ya ufunguo ule ule atakaoupiga kikosini, na kikosi kinaweza kuziuza ala zake kwa shule mwisho wa msimu. Usahihi wa milio umepanda sana. Sikiliza rekodi za fainali za miaka ya 1980 kisha sikiliza za miaka ya 2010, na utasikia vikosi vya nafasi ya kumi vya sasa vikipiga kwa mlingano ambao zamani ulikuwa mali ya mabingwa peke yao.

Vipaza sauti ni habari nyingine. Vilipokubaliwa mwaka 2004 viliwasaidia wachezaji wa marimba na vibrafoni, ambao awali walilazimika kuzigonga ala zao kwa nguvu iliyoua utamu wake, na sasa wanaweza kutumia magongo laini na kupiga kama wapigaji wa ukumbini. Hilo nalipongeza bila kusita. Mwaka 2009 vinanda vya umeme na sauti zilizorekodiwa vikafuata, na hapo ndipo mtazamaji anapaswa kuwa makini. Vikosi vingi huweka besi ya umeme chini ya tuba, ile tarumbeta kubwa ya sauti nzito, katika kilele cha muziki, na kifua cha msikilizaji kinapotetemeka hawezi tena kujua kama ametetemeshwa na pumzi za watu au na spika. Namuonea huruma mpiga tuba aliyejifunza kwa miaka kujaza uwanja kwa mapafu yake, kisha kazi yake ikafunikwa na kidole kimoja cha mpiga kinanda. Masimulizi yanayosomwa kwenye maikrofoni nayo, mara nyingi, hueleza kwa maneno kile ambacho muziki ulikuwa tayari umekieleza.

Lakini umeme ukitumiwa kwa akili huleta kitu kipya kabisa. Mwaka 2014 Bluecoats kutoka Canton, Ohio, walipiga milio iliyoonekana kupinda na kuteleza ikiwa hewani, tarumbeta na vyombo vya umeme vikiungana hadi mshono usionekane, na watu wakasimama kwa mshangao wa kweli. Huo ulikuwa muziki ambao usingewezekana kwa njia nyingine. Kipimo changu ndicho hicho: kama kifaa kinafanya lisilowezekana, kikae, kama kinakuza tu lililokuwa linawezekana, kinamwibia mtazamaji alichokilipia.

Uwanja wa Lucas Oil unalikuza tatizo hili. Ni jengo kubwa la kufunikwa, na sauti yoyote kali iliyoelekezwa ndani yake hugonga kuta na kurudi. Sauti ya spika, ya ngoma zilizo katikati ya uwanja na ya tarumbeta zilizo nyuma kabisa hazifiki kwa pamoja kila kitini. Katika viti vya chini, tarumbeta hukupiga usoni kwa namna inayofurahisha, ila mistari na maumbo ya gwaride hupotea na kubaki miguu inayokatizana. Kwa hiyo ushauri wangu ni viti vya juu, karibu na mstari wa yadi 50, ulio katikati ya uwanja, upande ule kikosi kinaouelekea. Hapo utaona mchoro mzima na kusikia mchanganyiko wa sauti karibu na ule uliokusudiwa na waandaaji.

Mchoro wenyewe umebadilika. Katika miaka ya 2000 hadi 2002, Cavaliers walitwaa ubingwa mara tatu mfululizo, ule wa kwanza wakiugawana na Cadets, kwa gwaride la kijiometri ambalo maumbo yake yalifunguka na kujifunga mbele ya macho kwa usahihi wa kutisha. Leo vikosi vingi vimepunguza safari hizo ndefu na kuongeza dansi, majukwaa na vifaa vikubwa vinavyosukumwa uwanjani. Bluecoats waliposhinda kwa mara ya kwanza mwaka 2016, bila kofia ndefu za manyoya na wakiwa na miteremko mikubwa ya kuteleza, wengine wengi walifuata njia hiyo. Nyuso zinazoonekana zimeleta hisia ambazo kofia zilizificha, na kundi la bendera sasa linaongoza hadithi badala ya kuipamba. Ninachokikosa ni ule ujasiri wa kuujaza uwanja mzima. Kikosi chenye watu zaidi ya 150, kilichobanwa kwa dakika mbili kuzunguka jukwaa moja, kinaacha nyasi nyingi bila kazi.

Vifaa hivyo pia vina gharama, na gharama hiyo ina mlipaji. Zamani vikosi vilikuwa mali ya mitaa, parokia na matawi ya maveterani, na vilikuwa mamia. Mtoto alijiunga na kilicho karibu naye na kufundishwa kuanzia mwanzo. Sasa vile vya daraja la juu ni vichache, kila kimoja kimekua, kutoka watu 128 wa miaka mingi hadi zaidi ya 150, na kijana anayekubaliwa hulipa maelfu ya dola kwa msimu mmoja. Wengi wao ni wanafunzi wa muziki wa vyuo vikuu. Ndiyo maana viwango viko juu hivyo, na ndiyo maana pia kijana mwenye kipaji asiye na uwezo hubaki nyumbani. Sioni kwamba mashindano yanaweza kujivunia lile la kwanza bila kulijibu hili la pili, na kikosi kinachotoa ufadhili wa ada kinastahili mchango wa mtazamaji kuliko fulana yoyote inayouzwa nje ya uwanja.

Mashirika yenyewe yamethibitika kuwa dhaifu kuliko maonyesho yao. Msimu wa 2020 ulifutwa kwa sababu ya janga la korona, na ule wa 2021 ukafanyika bila bingwa. Santa Clara Vanguard, mabingwa wa mwaka 2018, hawakusafiri mwaka 2023 kwa sababu za kifedha, ingawa walirejea mwaka uliofuata. Cadets, walioanzishwa mwaka 1934 na waliotwaa ubingwa mara kumi, walifungwa mwaka 2024 wakiwa wamelemewa na gharama, zikiwemo za kesi iliyohusu unyanyasaji wa kingono wa miaka ya nyuma. Mzazi anayemkabidhi kijana wake kwa watu wazima kwa miezi mitatu ana haki ya kuuliza maswali makali kuhusu ulinzi wa vijana, na kikosi chenye majibu mepesi kisipewe mtoto wala ada.

Pamoja na hayo, utamaduni huu unazidi kupanuka pembeni. Chama cha vikosi visivyo na kikomo cha umri, Drum Corps Associates, kimeingizwa katika Drum Corps International, hivyo aliyeaga akiwa na miaka 22 ana mahali pa kurudi. Mashindano ya ndani ya Winter Guard International huko Dayton, Ohio, huwanoa wapiga ngoma na washika bendera wakati wa baridi, na Ulaya ina ubingwa wake ambao umekuwa ukifanyika Kerkrade, Uholanzi. Katika daraja la juu nako mlango haujafungwa: Boston Crusaders, walioanzishwa mwaka 1940, walitwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 2025, jambo ambalo mashabiki wao wa vizazi kadhaa walilisubiri bila kuacha kununua tiketi.

Kwa asiyeweza kusafiri, FloMarching huonyesha mashindano kwa njia ya intaneti kwa wanaolipia usajili. Ni nzuri kwa kuchunguza mikono ya wapiga ngoma na kurudia kipande mara kadhaa, ila maikrofoni haiwezi kubeba uzito wa tarumbeta zaidi ya sabini zinazogeuka kwa pamoja na kukuelekea.

Kuhusu siku ya kwenda, watu wengi hukimbilia Jumamosi, usiku wa vikosi kumi na viwili vya mwisho, na msisimko wake ni halali. Ningemshauri mgeni achukue Alhamisi. Siku hiyo hupanda hata vikosi vidogo ambavyo havitafika nusu fainali ya vikosi 25 Ijumaa, na ndani yake utasikia ujasiri, makosa, na mawazo ambayo majaji hawatayalipa lakini wewe utayakumbuka. Na kama fedha inatosha safari moja tu, wala si lazima kumwona bingwa akitangazwa, basi aende Allentown, Pennsylvania, siku chache kabla ya fainali, katika Uwanja wa J. Birney Crum usio na paa, ambapo vikosi hucheza kwa usiku mbili mfululizo. Maonyesho huwa karibu yamekamilika, vijana wangali na kitu cha kutafuta, na sauti ya shaba hupanda moja kwa moja hadi kitini bila kuta za kuirudisha.