Puli ya asilimia 15 kwenye Mini Cooper S yangu, na kwa nini sikuchukua ya 19

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama una Mini Cooper S ya zamani, ile yenye supachaja (kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada), na unataka kubadilisha puli, yaani gurudumu dogo la mkanda linaloizungusha, ili gari lipate nguvu, chukua iliyopunguzwa kipenyo kwa asilimia 15. Pesa utakayobakiza kwa kutohitaji vifaa vya ziada ipeleke kwenye plagi, mkanda, oili ya supachaja na puli ya krenki (shafti kuu ya injini). Ya 17 ina watu wake. Ya 19 sikushauri hata ukiuziwa bei ileile, na wauzaji wengi kweli huziuza zote karibu bei moja. Ndiyo maana anayechukua 15 huonekana kapunjwa.

Gari langu ni la 2005, lile umbo linaloitwa R53, na limeshapita maili laki moja. Liliundwa Oxford, lakini injini yake ya lita 1.6 ilitoka Campo Largo, Brazil, kwenye kiwanda cha Tritec ambacho BMW na Chrysler walikijenga kwa ubia. Bloku yake ni ya chuma, nzito, ya kizamani, na kwa injini inayoongezewa upepo hiyo ni sifa. Kiwandani lilitoka na nguvu farasi 170. Lile la mwanzo, la 2002, lilikuwa na 163.

Tuliokulia Dar, supachaja tuliijua kwa maandishi ya Kompressor nyuma ya Mercedes C200. Kazi yake humu ni ileile. Turbo huzungushwa na moshi wa injini, supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenki. Kwa hiyo kasi yake haina siri: inategemea ukubwa wa puli ya krenki na ukubwa wa puli ya supachaja yenyewe. Punguza hii ya pili, supachaja itazunguka zaidi kwa kila mzunguko wa injini na itasukuma hewa nyingi zaidi.

Sasa hizo asilimia. Muuzaji akikwambia 15, anasema kipenyo cha puli kimepungua kwa asilimia 15. Hasemi nguvu zimeongezeka kwa 15. Kipenyo kikipungua hivyo, kasi ya supachaja inapanda kwa asilimia 17.6. Ukichukua ya 17, kasi inapanda kwa 20.5. Ya 19 inafika 23.5. Kit ya John Cooper Works, jina la Mini kwa magari yake ya kasi zaidi, iliyokuwa ikifungwa kwa wakala ilikuja na puli iliyopungua kwa 11, yaani kasi ya ziada ya 12 na kidogo, na wao walibadilisha pia kichwa cha silinda, ekzosi na programu ya kompyuta ndipo wakafika farasi 200. Mtu anayetegemea kufika huko kwa puli peke yake atasikitika.

Kwa puli ya kiwandani, supachaja huzunguka karibu mara mbili ya injini, kwa hiyo ukikanyaga hadi mwisho wa rev (mizunguko ya injini kwa dakika) ipo kwenye 14,000 kwa dakika hivi. Puli ya 15 inaivusha 16,000. Hapo ndipo mambo ya joto yanapoanza, na hapo ndipo uamuzi wangu ulipotokea.

Supachaja ya R53 ni Eaton M45, ya aina ya Roots. Ndani yake mna rota mbili zinazosukuma hewa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Haziibani humo ndani. Hewa hubanwa ikishafika mbele, inaporundikana kwenye njia ya kuingilia injini. Njia hiyo ni rahisi na haivunjiki ovyo, lakini inapasha hewa joto vibaya sana. Ukikanyaga mafuta yote, hewa inayotoka kwenye supachaja inapita joto la maji yanayochemka. Kadiri unavyoizungusha kasi ndivyo sehemu kubwa zaidi ya nguvu unayoipa inavyogeuka joto, na nguvu hiyo inatoka kwenye krenki yako mwenyewe.

Kazi ya kuipoza hewa hiyo ni ya intakula, rejeta ya hewa, na Mini waliiweka juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Gari likienda, upepo unaingia tunduni na mambo ni shwari. Likisimama kwenye foleni ya M60, barabara kuu inayozunguka Manchester huku Uingereza, saa kumi na moja jioni, intakula inakaa juu ya injini ya moto na kubanikwa. Kisha foleni inafunguka, unakanyaga, na kompyuta ya gari inaona hewa ni ya moto mno, inarudisha taimingi nyuma, yaani plagi zinachelewa kidogo kuwasha mafuta, ili injini isigonge. Nguvu uliyoinunua inazuiwa pale pale.

Nililiona hili kwa macho. Jamaa yangu ana R53 yenye puli ya 19 na intakula ya kiwandani. Siku ya jua tulipanda naye njia ya Cat and Fiddle, kati ya Macclesfield na Buxton, kila mmoja ana kifaa cha kusoma data kimechomekwa kwenye soketi chini ya usukani. (Njia yote ina kamera zinazopima wastani wa mwendo, kwa hiyo mbio hamna. Tulikuwa tunavuta gia kwenye miinuko ndani ya maili 50 kwa saa.) Mvuto wa kwanza gari lake lilikuwa mbele ya langu bila ubishi. Tulivyoendelea kupanda, namba ya joto la hewa kwake ikawa inapanda na haishuki, na taimingi inarudi nyuma. Tulipofika juu hapakuwa na tofauti ya kusimulia. Ukimsikia yeye, mlima ule aliushinda, na sikutaka ubishi.

Kufunga kwenyewe kunastahili kuelezwa, maana wengi wanadhani ni bolti mbili tatu. Puli ya kiwandani haina bolti kabisa. Imeshindiliwa kwenye shafti kwa nguvu, na imenyooka pembeni, haina pa kushikia. Fundi wangu ni mtu wa Tanga mwenye gereji ndogo huku Stockport. Alitoa tairi la mbele kulia na plastiki ya ndani, akaegemeza injini kwenye jeki, akafungua injini mauntini (kishikio cha injini) ya upande huo na kuishusha kidogo apate nafasi. Mkanda ukatoka. Kabla hajagusa puli, akachukua venia kalipa na kupima umbali kutoka uso wa puli hadi pua ya supachaja, akaandika kwa chaki ubavuni mwa kisanduku cha spana. Nikamuuliza ya nini.

"Kaka, mpya ikikaa milimita moja ndani au nje, mkanda unaenda upande na kuliwa ubavu. Halafu utarudi hapa kunilaumu."

Pula, kifaa cha kuvutia puli itoke, ya kazi hii ina vipande viwili vinavyokumbatia puli yote, na bolti ndefu katikati inayosukuma shafti. Ukitumia ile ya kucha za kawaida unavunja kingo za puli na unaivuta shafti kombo. Alikaza polepole, ikakaa kimya, ikakaa kimya, kisha ikatoa mlio mmoja mkali na kuachia. Mpya ilikuwa kwenye oveni. Ana oveni chakavu pale pale gereji kwa sababu ya jikoni mkewe alishapiga marufuku. Aliitoa na glavu za ngozi na kuitelezesha mpaka kipimo chake cha chaki, na hapo hakuna kusita, kwa sababu ikianza kupoa imeshashika.

Kuna aina nyingine yenye kitovu kinachobaki kwenye shafti na puli inayofungwa kwa bolti. Ni ghali zaidi, lakini ukitaka kubadilisha saizi baadaye huhitaji pula tena. Kama unajijua una tabia ya kutoridhika, nunua hiyo. Mimi nilichukua ya kipande kimoja.

Mkanda lazima uwe mfupi kuliko wa kiwandani. Ukiacha ule wa zamani, tenshena (kikaza mkanda) inafika mwisho wa safari yake na mkanda unaanza kuteleza. Utajua kwa vumbi jeusi kuzunguka puli na kwa upepo kupungua rev zikiwa juu, mahali ambapo ungetaka uongezeke. Na puli ikiwa ndogo zaidi, mkanda una eneo dogo zaidi la kushika, kwa hiyo wenye 19 wanapambana na kuteleza hata wakiwa na mkanda sahihi.

Gereji ya kwanza niliyoulizia, ambayo siitaji, walitaka kunifungia 19 na kubadilisha programu siku hiyo hiyo. Hawakuuliza gari limetembea maili ngapi. Hawakuuliza kama oili ya supachaja imewahi kubadilishwa. Hilo lilinitosha kuondoka. Kiwanda kilisema oili ile ni ya maisha yote, na magari haya yana miaka ishirini. Supachaja ya R53 ina vyumba viwili vya oili, cha mbele kwenye pua na cha nyuma kwenye gia ndogo, na hizo gia za nyuma ndizo zinazozungusha wotapampu, pampu ya maji ya kupoza injini. Ndiyo, wotapampu ya gari hili inaendeshwa na supachaja. Oili ya nyuma ikikauka, gia zinalika, siku moja wotapampu inasimama na injini inachemka huku mkanda uko mzima kabisa. Ukifunga puli ndogo, wotapampu nayo unaiongezea kasi. Kwa hiyo kuongeza kasi ya kitu ambacho hujui kina oili au hakina ni kucheza na injini. Fundi alipofungua changu, kilichotoka chumba cha nyuma kilikuwa kidogo, cheusi, kinanuka kama kitu kilichooza.

Puli ya krenki nayo usiiruke. Ya kiwandani ina raba katikati ya chuma cha ndani na cha nje, raba inayomeza mtikisiko wa krenki. Ikizeeka inaachana, puli inayumba, na mkanda unaruka. Ukiona inacheza injini ikiwa silensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), ibadilishe kwanza. Soko limejaa za aluminiamu nyepesi, zisizo na raba wala kitu cha kumeza mtikisiko, zinazouzwa kama maboresho. Mimi siwezi kuzifunga, krenki ya kuzungushwa hadi karibu 7,000 inahitaji ulinzi huo. Zipo pia dampa, yaani puli za krenki zinazomeza mtikisiko, nzuri na zilizokuzwa kwa asilimia 2, ambazo huongeza kasi ya supachaja kutokea chini, ila hizo zinaongeza pia kasi ya alternata na kompresa ya AC. Nilichukua dampa nzuri ya saizi ileile ya zamani.

Plagi: nilitoka NGK BKR6EQUP nikaenda BKR7EQUP. Kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi, yaani inatoa joto haraka zaidi, na kwa upepo huu ndiyo inayotakiwa. Mafuta: siweki tena petroli ya oktani 95, ambayo Uingereza tangu 2021 ni E10 (yenye hadi asilimia 10 ya ethanoli). Naweka ya 97 au 99. Ni ghali na inauma kila nikijaza. Nozeli za kupulizia mafuta nimeacha za kiwandani, kwa 15 zinatosha. Ukienda 17, panga bajeti ya nozeli za 380 cc, intakula kubwa na programu, na hao ndio watu wake niliowataja juu: wenye kichwa cha John Cooper Works na ekzosi tayari.

Barabarani tofauti ipo, na iko mahali pazuri. Gari hili kiwandani lilikuwa zito kuamka chini ya rev 3,000. Sasa linaamka mapema, na gia ya tatu inatosha kwa kazi nyingi zilizokuwa zinataka ya pili. Mluzi wa supachaja umekuwa mkali zaidi, mwanangu anaupenda, jirani sijui. Kwenye daino, mashine ya kupima nguvu za gari, lilionyesha ongezeko la farasi kumi na kitu magurudumuni, na mstari wa torki (nguvu ya kuzungusha) umeinuka wote kutoka chini. Baada ya foleni bado linachoka kidogo, lakini likienda dakika mbili linarudi.

Jambo la mwisho ni bima. Hapa Uingereza puli ni mabadiliko ya gari na unatakiwa kuyatangaza, hata kama haionekani kwa nje. Kampuni niliyokuwa nayo ilikataa kabisa kuendelea, nyingine ikakubali kwa nyongeza ndogo baada ya kuona risiti. Risiti hizo, barua ya bima na karatasi ya daino nimeziweka pamoja na kitabu cha sevisi, maana mnunuzi wa R53 siku hizi swali lake la kwanza ni kama oili ya supachaja imewahi kubadilishwa, na la pili ni puli gani imefungwa.