Nasser Road na stesheni ya Kampala: kadi za harusi zimenichosha

Kampala ukitaka kuchapisha kitu kila mtu atakwambia nenda Nasser Road, pale karibu na stesheni ya treni, na ni kweli, ukivuka Nkrumah Road unakutana na mashine tupu, kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya wanasiasa. Mimi napapenda hasa kwa ajili ya treni, nikimaliza shughuli nashika ile ya jioni, Nakawa, Kireka, Namboole, niko nyumbani, wenzangu bado wako kwenye taksi Jinja Road wanapumua moshi. Reli ya kutoka pwani ilifika Kampala 1931 lakini hii treni ya kutupeleka mitaani ilianza Desemba 2015 tu, tulichelewa sana.

Sasa hilo duka la Nasser Road nililolipa linichapie kadi za harusi. Anayeolewa ni mdogo wangu Nakato, na Babirye ni pacha wake, kwenye kadi yeye ni wa kupigiwa simu na wageni tu. Niliwaandikia vizuri kwenye karatasi, nikalipa nusu, nafika kuchukua kadi nakuta bibi harusi ni Babirye! Kadi zote! Babirye ana mume wake na watoto! Namwonyesha kijana wa kaunta ile karatasi yangu, hata haangalii, yuko kwenye simu, ananiambia "nyabo (yaani mama), si ni mapacha? Wageni wataelewa." Wataelewa nini? Wakwe wafungue kadi wakute mtoto wao anaoa dada wa mchumba wake? Naomba waichape upya anasema lipa upya, naomba bosi anasema bosi hayuko, na bosi nilimsikia nyuma ya pazia akikohoa. Nimesimama pale nabishana mpaka treni ikaondoka.

Nilikuwa nimeapa Nasser Road sirudi tena. Lakini mzee mmoja wa mashine ya kukata karatasi, mlango wa pili tu, alisikia kelele akaniita, "mwanangu, lete hiyo karatasi", akampa mpwa wake aipange upya kwenye kompyuta, akanisomea kila jina kwa sauti kabla ya kuchapa, na bei alinipunguzia. Kadi zimetoka safi, kuliko hata zile za kwanza. Kwa hiyo mtaa siutukani, nendeni, watu wa kazi wapo, ila msilipe kitu kabla hamjaona sampuli kwa macho yenu.

Nusu yangu bado wanayo wale. Wiki ijayo naenda na shangazi, na yeye haogopi pazia.