Basi la serikali au bajaji ya kuchangia: kipi kinafaa kijiji kidogo cha India?

Tuanze na barabara, maana bila lami vyote viwili hukwama mvua za monsuni zikianza. Mpango wa kitaifa wa barabara za vijijini wa mwaka 2000 ulilenga makazi ya watu 500 na zaidi kwenye tambarare, 250 milimani. Kakijiji ka watu 120 kalijikuta nje ya hesabu.

Kwa nauli, basi linashinda. Wanawake wa jimbo la Tamil Nadu tangu 2021, na wa jimbo la Karnataka tangu 2023, hupanda bure mabasi ya kawaida ya serikali. Ila bure ya basi linalopita mara mbili kwa siku ina bei yake: ukilikosa la asubuhi, siku imekwenda.

Bajaji (jina tulilochukua kwa kampuni ya Bajaj ya Pune) haina ratiba. Huondoka ikijaa, ikikushusha karibu na mlango, magoti yakiwa yamebanwa na abiria wenzako. Matengenezo ni juu ya dereva, naye huyarudisha kwenye nauli.

Mwanafunzi wa chuo mjini asubiri basi. Mwenye mgonjwa usiku, au matenga ya nyanya, atafute namba ya dereva mapema.