Rangi za modeli za plastiki na chuma: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kwa anayepaka kwa brashi Unguja au Pemba, mpangilio wetu ni huu: akriliki ya maji (rangi inayochanganywa na maji), kisha enameli (rangi inayochanganywa na tapentaini) ya kopo dogo, kisha akriliki ya spiriti, na mwisho kabisa rangi ya mafuta ya milango. Usafiri una sauti kubwa hapa. Enameli na makopo ya kupuliza hushika moto, hayaruhusiwi kwenye mizigo ya abiria wa ndege. Akriliki ya maji haina vikwazo hivyo.

1. Akriliki ya maji. Mfano ni Vallejo Model Color ya Hispania, kichupa cha ml 17 hivi chenye mdomo wa kudondoshea. Mdomo huo ndio unaolipiwa: hewa haiingii ovyo, na unahesabu matone, mawili ya rangi kwa moja la maji. Piga mikono miwili au mitatu myepesi, nusu saa baina ya mmoja na mwengine. Adui yake ni joto. Wakati wa kaskazi rangi hukauka kwenye brashi kabla hujamaliza bawa moja la ndege, na ukiirudia hujikunja na kuacha michirizi. Chukua kifuniko cha kibakuli, tandika tishu iliyolowa, juu yake karatasi ya kuokea keki, na uchanganyie rangi hapo. Hukaa laini kwa saa kadhaa. Feni izime.

Kasoro yake nyengine: haishiki plastiki tupu, ukucha tu unaibandua. Osha vipande kwa maji na sabuni ya vyombo kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha paka praima, yaani rangi ya chini inayoshikisha zinazofuata, kisha subiri siku nzima.

2. Enameli. Kopo la Humbrol la ml 14 hutandaa vizuri kuliko zote, alama za brashi zinajifuta zenyewe. Lakini hutaka tapentaini, dirisha wazi na subira: saa 24 baina ya mikono, na zaidi masika. Rangi isiyong'aa ikikauka inang'aa, mara nyingi hukuikoroga. Unga wa kuua mng'ao hutuama chini. Koroga dakika tatu au nne kwa kijiti cha mshikaki mpaka chini pawe laini. Futa ukingo kabla ya kufunika, ama sivyo kopo halitafunga vizuri na rangi itaganda.

3. Akriliki ya spiriti, kama Tamiya ya Japani. Nzuri kwa bomba la kupulizia. Kwa brashi, mkono wa pili huyeyusha wa kwanza. Basi.

4. Rangi ya mafuta ya milango. Iko Mwanakwerekwe, iko Chake Chake, na ni rahisi. Ni nzito, huziba mistari midogo ya modeli. Ifae kibao cha kusimamishia.

Kwa modeli za chuma, tumia pesa zako kwenye praima kabla ya rangi. Praima ya kijivu ya kupuliza ya maduka ya spea za magari inatosha. Kwenye plastiki ijaribu kwanza juu ya fremu ya plastiki iliyobaki baada ya kukata vipande, maana baadhi huyeyusha. Sugua chuma kwa msasa namba 400, halafu 600, futa kwa spiriti, na usikishike tena kwa vidole vitupu. Kama ni bati au chuma kinachopata kutu, kisuuze kwa maji ya mvua. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na chumvi ikibaki chini ya rangi, kutu huinua malengelenge. Puliza kutoka sm 20 hadi 25, siku kavu, baada ya saa nne asubuhi. Hewa ikiwa na unyevu, rangi hupata ukungu mweupe.

Brashi: moja nzuri namba 2 inashinda pakiti ya kumi. Dukani, ilowe maji na uikung'ute. Nywele zisipojikusanya kuwa ncha, irudishe.