IKEA ya Kungens Kurva na watoto wadogo wawili: uzoefu wangu

Tangu tutoke Tanga kuja kuishi Stockholm, kila mtu ananionya nisithubutu kwenda na watoto IKEA, duka kubwa la samani la Kiswidi. Nimekwenda nao, mmoja wa miaka minne na nusu, mwingine wa mwaka na miezi minane, na nitakwenda nao tena. Ila yapo mambo ambayo laiti ningeyajua mapema.

Sisi tulikwenda duka la Kungens Kurva, kusini mwa mji, lililofunguliwa mwaka 1965. Tulishuka Skärholmen kwa treni ya laini nyekundu, tukamalizia kwa miguu tukisukuma kigari cha mtoto. Wenzangu, nendeni asubuhi ya siku ya kazi. Jumamosi moja nilifika pale, nikaona msururu wa magari, nikageuza.

Mkubwa nilimwacha Småland, sehemu ya michezo ya bure. Jina hilo ni la mkoa alikozaliwa Ingvar Kamprad, aliyeianzisha kampuni mwaka 1943 akiwa na miaka 17. Mtoto lazima awe anajimudu chooni, na mzazi haruhusiwi kutoka dukani. Muda una kikomo, kwa hiyo kabla hujamwandikisha uwe unajua unachofuata. Mimi nilikuwa na vipimo vya ukuta kwenye simu, vikanisaidia mno.

Mdogo nikapanda naye kwenye vyumba vya maonyesho. Hapo ndipo penye kazi. Vimepangwa kama nyumba ya mtu kabisa: sahani mezani, mapazia, taa zinawaka. Mtoto haoni duka, anaona nyumba. Wangu alisimama kwenye zulia la chumba cha kwanza, akakaa chini, akavua viatu akavipanga pembeni, kama tulivyomfundisha nyumbani. Kisha akapanda kitandani. Hakuna mfanyakazi aliyemkemea, na mama mmoja wa Kiswidi alimsogezea mto. Nilifarijika sana, maana nilikuja nimejiandaa kuomba radhi kila kona.

Chumba cha tatu alinichomoka. Nilipogeuka, keshavuta droo ya chini ya kabati, kaikanyaga, na mkono wa pili unavuta ya juu yake. Nilirusha mkoba nikakimbia. Kabati halikutikisika hata kidogo. Nilichungulia nyuma: limefungwa ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu.

Miguu iliniisha nguvu, kwa sababu la kwetu, tulilonunua kwa jirani aliyekuwa anahama, lilikuwa limesimama hivihivi chumbani kwa watoto. Jamani, jambo hili si dogo. Juni 2016, baada ya watoto kadhaa kufa kwa kuangukiwa, IKEA iliwataka wateja wake wa Marekani warudishe au wafunge ukutani makabati ya droo yapatayo milioni 29, yakiwemo ya aina iitwayo MALM. Droo mbili tatu zikiwa nje, uzito wote unakuja mbele. Mtoto akiongeza wake, kabati linamlalia. Linakwenda haraka kuliko mama anavyoweza kukimbia.

Nikamchukua mkubwa, tukaenda kula. Viti virefu vya watoto vipo vya kutosha na maikrowevu ya kupashia chakula ipo, uji wangu wa chupa ukapashwa. Kwa Waislamu wenzangu: zile kababu maarufu za Kiswidi zina nyama ya nguruwe ndani. Chukueni kababu za mboga au samaki. Wanangu walikula za mboga na viazi vya kuponda, wakamaliza hata ule mchuzi mweupe. Nawashauri mle kabla ya kuanza kuzunguka. Sisi tulichelewa, na mdogo alishaanza kulia.

Ghala la chini nalipita haraka: andika namba ya ujia na ya rafu kutoka kwenye lebo, chukua toroli, mtoto akae kwenye kigari chake na mkanda afunge, kwani maboksi yale ni mazito. Tulinunua kiti kirefu cha mtoto cha kulia kiitwacho ANTILOP na masanduku mawili ya midoli.

Jioni ileile baba yao aliazima drili, akalifunga kabati letu ukutani. Jueni kwamba hata ukinunua kabati jipya, kifungio chake kimo kwenye boksi lakini skrubu za ukutani hazimo, kwa sababu kuta hazifanani. Ukuta wetu ni wa jipsamu, unataka plagi zake maalumu za kushikia skrubu. Muulize muuzaji wa vifaa vya ujenzi umwambie ukuta ni wa nini. Kazi ilichukua nusu saa.

Asubuhi mdogo alikwenda moja kwa moja kwenye droo ya chini, akaivuta, akaweka mguu. Kabati lilitulia. Nikamshusha, nikaifunga droo.