Uzoefu wangu: hadidiski iliyopigwa na umeme na fundi wa Makoroboi aliyeirudisha

Mimi ni mpiga video wa harusi na sherehe, ofisi yangu iko Buhongwa, jijini Mwanza. Jengo tunalopanga linapokea umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, kila upande wa maduka una fezi yake. Jioni moja ya mwezi wa tatu, mvua inanyesha, taa ya ofisini iliwaka nyeupe ya kuumiza macho na feni ikaanza kuvuma. Nikasikia mlipuko mdogo nyuma ya kompyuta, halafu harufu ya kuungua. Nilipotoka nje nikaona saluni ya jirani taa zake zimefifia, nyekundu, kama koroboi.

Fundi umeme aliyekuja asubuhi alikuta nyutro, waya wa kurudishia umeme, imelegea na kuungua kwenye ubao mkuu wa jengo. Alinieleza kwamba nyutro ikiachia, mwenye mzigo mdogo anasukumiwa umeme mkubwa, na mwenye mzigo mkubwa anabaki na mdogo. Mimi nilikuwa na kompyuta, taa na feni tu. Saluni walikuwa na madraya. Badala ya volti 230, kwangu ulipanda kuelekea 400. Pawasaplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, ilikufa, na katika kufa ikaitemea hadidiski, inayotunza faili zangu zote, umeme usio wake.

Pawasaplai inanunulika. Kwenye hadidiski ile ya terabaiti 2 kulikuwa na harusi mbili ambazo sijazikabidhi, na kazi ninayoipenda kuliko zote: ngoma za Bulabo, tamasha la Wasukuma, pale Bujora, Kisesa, kila Juni kwa miaka minne mfululizo, mashindano ya Wagika na Wagalu, vyama viwili pinzani vya ngoma. Baadhi ya wazee waliomo mle wameshafariki. Sikuwa na nakala mahali pengine.

Nilifunga pawasaplai mpya. Kompyuta ikagoma: feni inashtuka mara moja, kisha kimya. Nikachomoa hadidiski, ikawaka vizuri. Nikaichomeka, kimya tena. Fundi wa kwanza niliyempelekea aliiona hali hiyo hiyo akasema imekufa. Alitafuta nyingine ya aina ileile, akahamisha bodi yake ya chini akaifunga kwenye yangu. Ikazunguka, ikawa inagonga tak, tak, tak, na kompyuta haikuitambua. Akaniambia tufungue kifuniko cha juu tuangalie ndani. Nashukuru Mungu nilikataa, maana vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kukwaruza sahani za ndani zinazobeba faili. Nikamwomba anirudishie na bodi yangu ya zamani, hata kama imeungua.

Bodi ile ndiyo iliyoniokoa. Rafiki yangu wa Kirumba alinielekeza kwa kijana mmoja mwenye meza Makoroboi. Kitu cha kwanza alichouliza: "Dada, bodi yake yenyewe unayo?" Nilipoitoa kwenye mkoba alitabasamu. Alinieleza kwamba kwenye bodi za hadidiski nyingi za sasa kuna chipu ya miguu minane yenye vipimo vya vichwa vya kusomea sahani vya hadidiski hiyo hiyo, vilivyoandikwa kiwandani. Ukifunga bodi ya nyingine bila kuihamisha chipu hiyo, vichwa vinapapasa tu, ndiyo ile tak tak niliyoisikia.

Hakuichomeka popote. Alichukua mita, akaweka ncha moja kwenye ardhi ya bodi, yaani upande hasi, na nyingine kwenye njia ya volti 5. Kimya. Akahamia njia ya volti 12, mita ikapiga mlio mrefu usiokatika. Akanisogezea lenzi. Karibu na tundu la umeme kuna diodi mbili nyeusi, ndogo kama punje ya mchele, na moja ilikuwa na kidonda juu yake, kama imetobolewa na sindano ya moto. Alisema hiyo ni mlinzi: volti zikizidi, inajitoa mhanga kwa kupiga shoti ili umeme usifike ndani. Ndiyo maana pawasaplai mpya ilikuwa inajizima. Ilikuwa inaiona shoti hiyo.

Kabla ya kuigusa alipima injini kwenye vidoti vyake vinne, akakuta nyaya zote tatu zilizosukwa ndani yake zinasoma sawasawa. Hapo ndipo akasema kazi inawezekana. Aliniambia pia wazi: kama umeme umepita hadi kwenye vichwa, meza yake haina uwezo huo, na hatanidai zaidi ya Sh 10,000 ya kupima. Sijawahi kuambiwa hivyo na fundi kabla ya kazi.

Aliing'oa diodi kwa bloa ya hewa ya moto na kibano. Akapima tena, mlio hakuna. Akasugua vidoti vya shaba kwa ufutio wa penseli hadi vikang'aa, akafunga bodi, akaichomeka kwenye pawasaplai yake, si yangu. Niliweka kidole ubavuni nikaisikia inaanza kuzunguka, laini, haigongi. Nilitokwa na machozi pale pale na sioni aibu kusema.

Hakuniruhusu kufungua faili hata moja. Bila ile diodi, hadidiski haina kinga upande ule, na umeme ukiyumba mara moja tu yote yamekwisha. Nilikuwa nimenunua mpya ya ukubwa uleule kama alivyoagiza, akanakili yote kwa mpigo, toka mwanzo wa diski hadi mwisho, feni ndogo ikiipoza. Ilichukua muda wa karibu saa tano. Tulipofungua video ya kwanza kwenye ile mpya ikawa ya Kisesa, vumbi linapanda, ngoma zinasikika mtaani, na mama muuza samaki wa jirani akaja kuchungulia.

Jumla nililipa Sh 85,000, mbali na hadidiski mpya. Mapungufu yapo na anastahili kuambiwa: hatoi risiti mpaka umwombe, na aliniambia njoo kesho mara mbili bila kupiga simu, wakati maharusi wa Igoma wananipigia kila siku. Meza ni finyu, hadidiski za watu zimepangwa bila majina. Yangu niliibandikia karatasi mwenyewe. Ningependa alirekebishe hilo haraka.

Ile ya zamani aliiwekea diodi nyingine, akinionyesha mstari wake unavyotakiwa kuelekea, ila amenionya nisiitumie kwa kazi. Iko kabatini. Nakala ya Bulabo sasa iko kwangu na nyingine kwa dada yangu Nyegezi, na wiki ijayo nampelekea fundi huyo stebilaiza yangu, kifaa cha kusawazisha umeme, aipime.